Hajatoka, Aliaga, Aliuawa: Sarufi ya Taarifa ya Mchakato Mtoto katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kusoma taarifa ambayo mchakato mtoto humwachia mchakato mzazi katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, na yanajadili istilahi za Kiswahili zinazofaa kuibeba taarifa hiyo. Hoja kuu ni kwamba taarifa hiyo ni tungo iliyofumbatwa ndani ya namba, na kwamba makosa mengi ya kuisoma ni makosa ya kisarufi kabla ya kuwa makosa ya hesabu. Msomaji hukosea kauli, hukosea njeo, au huchukua usemi wa taarifa kuwa usemi halisi. Kwa kutumia mifano kutoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha kile ambacho namba hukificha. Yanapendekeza istilahi nne: taarifa ya hali, msimbo wa kuaga, ganda la amri na mchakato hewa.

Maneno muhimu: istilahi, kauli, njeo, mchakato, upangaji wa programu, Kanda ya Ziwa

1. Utangulizi

Tarehe 5 Oktoba 2015, mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyangarata, wilayani Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, ulititia na kuwafunika wachimbaji chini ya ardhi. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Katika kipindi chote hicho, aliyesimama juu ya shimo bila kusikia sauti yoyote alikuwa na sentensi moja tu ya Kiswahili aliyoweza kuitamka bila kuongeza neno lake mwenyewe: hawajatoka. Sentensi ya pili, hawakutoka, inatofautiana na ya kwanza kwa kiambishi kimoja, lakini inafunga mlango ambao ya kwanza inauacha wazi.

Tofauti hiyo ya -ja- na -ku- ndiyo inayolipeleka tukio hili kwenye tatizo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, liko mbali na migodi. Katika upangaji wa programu za mfumo, programu moja huzaa nyingine, huipa kazi, kisha husubiri kujua imeishia wapi. Jibu hurudi likiwa namba. Mpangaji programu anayeisoma namba hiyo kana kwamba ni alama ya mtihani hupata jibu lisilo sahihi, na mara nyingi hupata jibu lisilo sahihi lenye sura ya mafanikio.

Kiswahili kimekwisha kushughulikia msamiati wa kompyuta kwa kiasi kikubwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kazi za aina hiyo zilijikita katika maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye skrini: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Tabaka la chini, ambamo programu huzungumza na mfumo endeshi, halikupata uangalizi wa namna hiyo. Mwanafunzi anayejifunza tabaka hilo hufikiri kwa Kiswahili na kusoma kwa Kiingereza, na katikati ya lugha hizo mbili hubaki na tafsiri ya neno kwa neno. Makala haya yanalishughulikia pengo hilo kwa kuanza na maelezo ya jambo lenyewe, kisha istilahi zake.

2. Mzazi, mtoto na kiini

Katika Unix, iliyoanza kuundwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, mchakato mpya huzaliwa pale mchakato uliopo unapojigawa kwa mwito uitwao fork. Unaojigawa huitwa mzazi; unaozaliwa huitwa mtoto. Mtoto huwa na namba yake ya utambulisho, hufanya kazi yake, na hatimaye hufikia mwisho. Mzazi hujulishwa mwisho huo kwa kutumia mwito wa wait au waitpid. Kati yao yupo mpatanishi, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambacho hutunza jedwali la michakato yote.

Mambo matatu ya utaratibu huu yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, mtoto hazungumzi na mzazi moja kwa moja. Kiini ndicho kinachoiandika taarifa na kuitunza. Pili, taarifa hutunzwa mpaka mzazi aje kuichukua, na kwa kawaida huchukuliwa mara moja tu; ikishasomwa, jina la mtoto hufutwa katika jedwali. Tatu, mzazi akitangaza mapema kwamba hahitaji habari za watoto wake, taarifa hutupwa na haiwezi kurejeshwa.

Migodi ya chini ya ardhi ina desturi inayofanana na hii. Anayeshuka huacha alama yake kwenye ubao au jina lake katika daftari, na anayepanda huiondoa. Ubao hausemi chochote juu ya afya ya mtu. Husema tu kwamba habari zake bado hazijafungwa. Jedwali la michakato ni ubao wa namna hiyo.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, ieleweke kwamba nomino mchakato ni ya ngeli ya U-I, hivyo husemwa mchakato umeisha. Neno mtoto linaposimama peke yake huchukua upatanisho wa viumbe hai: mtoto ameaga. Makala haya yanafuata kanuni hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozifanya kauli za vitenzi zionekane wazi.

3. Namba yenye mofimu

Kitenzi cha Kiswahili hakitafsiriwi kabla ya kuchanganuliwa. Anayekutana na hawajatoka hulazimika kutenga kikanushi na nafsi, kisha kiambishi cha njeo, kisha mzizi. Akilichukua neno zima kama kipande kimoja na kulitafuta katika kamusi, hatalipata. Taarifa ambayo waitpid humpa mzazi ni ya aina hiyo. Katika mpangilio wa jadi, ambao Linux huufuata, namba hiyo ina sehemu tatu zenye maana:

(1) (a) biti 7 za chini: namna mtoto alivyofikia hali aliyomo;
(b) biti 1 inayofuata: kama kiini kiliacha nakala ya kumbukumbu ya mtoto;
(c) biti 8 za juu yake: thamani inayoambatana na hali hiyo.

Biti 7 za chini zikiwa sifuri, mtoto aliondoka mwenyewe, na msimbo wake umo katika sehemu ya (c). Zikiwa na thamani kati ya 1 na 126, mtoto aliondolewa kwa ishara, na thamani hiyo ndiyo namba ya ishara. Zikiwa 127, mtoto hajaisha. Amesimamishwa kwa muda, na ishara iliyomsimamisha imo katika sehemu ya (c).

Kutokana na mpangilio huo, mtoto anayeondoka kwa msimbo wa 1 humletea mzazi namba 256, si 1. Katika Python, mwito wa os.system kwenye Unix hurejesha namba hii ghafi, na wanafunzi wengi huishangaa 256 bila kujua kwamba wanatazama neno zima lisilochanganuliwa. Kwa upande mwingine, namba ghafi 9 haimaanishi kwamba mtoto aliondoka kwa msimbo wa 9. Inamaanisha kwamba aliuawa kwa ishara ya 9.

Kiwango cha POSIX, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, hakimlazimishi mtengenezaji wa mfumo kuzipanga biti kwa namna hii. Hulazimisha tu kuwapo kwa makro za kuuliza maswali: WIFEXITED huuliza kama mtoto aliondoka mwenyewe, WIFSIGNALED huuliza kama aliuawa kwa ishara, na WIFSTOPPED huuliza kama amesimamishwa. Baada ya swali kujibiwa ndiyo, hufuata makro ya kutoa thamani: WEXITSTATUS, WTERMSIG au WSTOPSIG. Utaratibu ni wa hatua mbili na hauruki hatua. Anayeitumia WEXITSTATUS bila kwanza kuuliza WIFEXITED anauliza "aliaga kwa neno gani?" juu ya mtu ambaye huenda hakuaga kabisa. Katika mpangilio wa jadi, mtoto aliyeuawa kwa ishara huwa na sifuri katika sehemu ya (c). Kwa hiyo swali hilo lisilo mahali pake hujibiwa kwa sifuri, na sifuri, kama sehemu ya 5 inavyoeleza, ni habari njema.

4. Kauli: aliaga, aliuawa, amesimamishwa

Hatua ya kwanza ya usomaji ni utambuzi wa kauli. Linganisha tungo zifuatazo:

(2) (a) Mtoto aliaga.
(b) Mtoto aliuawa kwa ishara ya 9.
(c) Mtoto amesimamishwa kwa ishara ya 19.

Tungo (2a) iko katika kauli ya kutenda. Mtoto ndiye mtenda. Aliita exit, au alifika mwisho wa kazi yake, na akaacha neno. Istilahi inayotumiwa mara kwa mara kwa neno hilo ni msimbo wa kutoka. Istilahi hiyo ina kasoro ya kimuundo, kwa kuwa kutoka katika Kiswahili ni kitenzi na pia ni kihusishi cha asili ya kitu. Msimbo wa kutoka kwa mtoto unaweza kueleweka kuwa msimbo wa tendo la mtoto kutoka, au msimbo wowote uliotumwa na mtoto. Makala haya yanapendekeza msimbo wa kuaga. Katika Kiswahili, kuaga ni kuondoka kwa hiari pamoja na kusema neno la kuondoka, na anayelaumiwa kwamba ameondoka bila kuaga halaumiwi kwa kuondoka bali kwa kutoacha neno. Hizo ndizo sifa mbili zinazoitenganisha (2a) na (2b). Pingamizi kwamba kuaga dunia husemwa kwa kila aina ya kifo lina uzito mdogo, kwani tasfida hiyo hubebwa na yambwa dunia, si na kitenzi peke yake.

Tungo (2b) iko katika kauli ya kutendwa. Kiswahili hutofautisha na ya mtenda na kwa ya ala: aliuawa na simba, aliuawa kwa mkuki. Taarifa ya hali humpa mzazi kwa, haimpi na. Husema ishara ilikuwa ipi. Haisemi nani aliituma. Ishara ya 9 inaweza kutumwa na mtumiaji aliyechoka kusubiri, na mchakato mwingine, au na kiini chenyewe kinapokosa kumbukumbu ya kutosha. Anayeona 9 na kuhitimisha papo hapo kwamba kumbukumbu ya kompyuta ilikwisha ameongeza na ambayo haimo katika taarifa. Jina la mtenda hutafutwa kwingine, hasa katika kumbukumbu za matukio za kiini.

Kauli ya kutendeka inahitaji tahadhari ya pekee. Lugha ya kila siku husema programu imekatika au imekwama, kama vile katika machimbo husemwa duara limetitia au kifusi kimeporomoka. Tungo hizo ni sahihi kisarufi, lakini zinaliondoa swali la mtenda kabla halijaulizwa. Mchunguzi wa ajali ya duara hawezi kuishia kwenye limetitia. Hulazimika kuuliza nguzo ziliwekwa na nani, na nani aliruhusu watu washuke. Vivyo hivyo, ripoti ya hitilafu inayosema programu imekatika haijasema kama programu iliaga kwa msimbo wa kosa au iliuawa. Katika maandishi ya kiufundi, kauli ya kutendeka iepukwe pale ambapo taarifa ya hali inaruhusu kutaja kutenda au kutendwa.

Kitenzi kuua nacho kina mpaka wake. Amri iitwayo kill, licha ya jina lake, hutuma ishara yoyote, ikiwamo ile inayomwamsha mchakato uliosimamishwa. Kuitafsiri amri hiyo kuwa ua ni kuyachanganya matokeo na kitendo; tafsiri inayofaa ni tuma ishara. Aidha, ishara ya 15 ni ombi ambalo mchakato unaweza kulipokea, ukafunga mafaili yake, kisha ukaaga wenyewe kwa msimbo wa 0. Mtoto wa namna hiyo aliombwa aondoke, lakini taarifa yake ni ya (2a), kwa sababu neno la mwisho lilikuwa lake. Ishara ya 9 haipokelewi wala haizuiliki. Matokeo yake siku zote ni (2b).

Tungo (2c), kwa kutumia mfano wa ishara ya 19 ambayo ndiyo ya kusimamisha katika kompyuta nyingi za Linux, inabeba kiambishi -me- kwa sababu hali inaendelea. Mtoto huyu yu hai na anaweza kuendelezwa. Hii ndiyo sababu jina la jumla la namba nzima halipaswi kuwa na wazo la mwisho. Makala yanapendekeza taarifa ya hali kwa namba nzima, na msimbo wa kuaga kwa biti 8 za tungo ya aina ya (2a) pekee.

5. Sifuri na sijambo

Mtoto aliyeaga kwa heri huacha msimbo wa 0. Aliyeaga kwa kosa huacha namba yoyote kati ya 1 na 255. Kwa mwanafunzi wa Tanzania jambo hili lina ugumu wa kiutamaduni. Katika matokeo ya kidato cha nne, divisheni ziro ni kufeli, na kupata ziro ni nahau ya kushindwa kabisa. Mwanafunzi huyo akiambiwa kwamba 0 ni mafanikio na 1 ni kosa, hukariri bila kuridhika.

Maelezo yanayoridhisha yamo katika maamkizi ya Kiswahili. Anayeulizwa hujambo hujibu sijambo, yaani hana jambo. Afya katika maamkizi hayo haitajwi kwa kuwapo kwa wema bali kwa kutokuwapo kwa jambo. Msimbo wa 0 ni sijambo. Namba nyingine yoyote husema lipo jambo, na thamani yake hutaja ni jambo gani. Uzima hauhitaji kugawanywa katika aina 255, ilhali maradhi yanahitaji.

Hata hivyo, jambo lililotajwa hueleweka kwa makubaliano na programu husika tu. Programu ya grep, inayotafuta neno ndani ya faili, huaga kwa 1 ikiwa haikulipata neno na kwa 2 ikiwa ilipatwa na kosa. Programu ya diff huaga kwa 1 ikiwa mafaili mawili yanatofautiana. Katika programu hizo mbili, 1 ni jibu, si kushindwa. Kwa istilahi za isimu, semantiki ya msimbo huishia kwenye sifuri na isiyo sifuri. Yaliyobaki ni pragmatiki, na pragmatiki hupatikana katika mwongozo wa programu yenyewe.

Ukomo wa biti 8 huleta hatari nyingine. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na biashara ya soko la aina hiyo hutegemea kumbukumbu za uzito, bei na tozo. Chukulia programu ya kubuni inayokagua safu za kumbukumbu kama hizo, na ambayo mtunzi wake ameamua iage kwa idadi ya safu zenye kasoro. Kasoro 3 humfikia mzazi kama 3. Kasoro 255 kama 255. Kasoro zikifika 256, biti 8 hujaa na kurudi mwanzo, na mzazi hupokea 0. Siku yenye kasoro 256 huripotiwa kuwa siku isiyo na jambo. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeaga kwa -1 husomwa 255. Kanuni inayofuata ni kwamba msimbo wa kuaga hutaja aina ya jambo, wala haupaswi kuhesabu kiasi chake.

6. Usemi wa taarifa: ganda la amri

Watumiaji wengi hawakutani na taarifa ya hali yenyewe. Hukutana na namba inayotolewa na programu inayopokea amri zao. Programu hiyo makala haya yanaiita ganda la amri. Kuiita sheli kungeleta mgongano, kwa kuwa katika Kiswahili cha Tanzania sheli ni kituo cha mafuta. Ganda ndilo mzazi halisi wa michakato ambayo mtumiaji huianzisha. Hupokea taarifa ya hali kutoka kwa kiini, kisha humweleza mtumiaji kwa namba moja.

Uhusiano wa namba hizo mbili ni ule wa usemi halisi na usemi wa taarifa. Mtoto akiaga kwa msimbo wa 3, ganda husema 3. Mtoto akiuawa kwa ishara, ganda kama Bash huijumlisha namba ya ishara na 128 na kusema matokeo: ishara ya 9 huwa 137, ishara ya 15 huwa 143, ishara ya 11 huwa 139. Aidha, 127 husema kwamba amri haikupatikana, na 126 kwamba ilipatikana lakini haikuweza kutekelezwa. Kauli mbili, ya kutenda na ya kutendwa, zimewekwa katika safu moja ya namba. Hakuna kinachoizuia programu kuaga yenyewe kwa 137, na anayeisoma 137 kutoka kwa ganda hana njia ya kisarufi ya kujua kama aliyesemwa aliaga au aliuawa.

Namba 139 inaonesha hatari ya kuzichanganya semi hizi. Katika taarifa ghafi ya hali, 139 ni ishara ya 11 pamoja na biti ya nakala ya kumbukumbu, kwa kuwa biti hiyo ina thamani ya 128. Katika usemi wa ganda, 139 ni 128 kujumlisha 11, iwe nakala iliachwa au haikuachwa. Namba ni moja, tungo ni mbili. Moduli ya subprocess ya Python imechagua njia nyingine: mtoto aliyeuawa kwa ishara ya 9 hutajwa kama -9. Alama ya kutoa inafanya kazi ya kiambishi cha kauli, na kwa hiyo hakuna kinachopotea kati ya kutenda na kutendwa.

7. Hajatoka na hakutoka

Mzazi anaweza kusubiri kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusimama mpaka habari ije. Ya pili, inayoombwa kwa chaguo la WNOHANG, ni kuuliza na kuendelea na shughuli nyingine ikiwa habari haipo. Katika namna ya pili, mwito wa waitpid wenyewe hurejesha jibu la aina tatu, na jibu hilo ni tofauti na taarifa ya hali:

(3) (a) namba ya utambulisho ya mtoto: habari zake zimefika;
(b) 0: mtoto yupo, lakini hali yake haijabadilika;
(c) -1: mwito umeshindwa, mathalani kwa kuwa hakuna mtoto wa kusubiriwa.

Jibu la (3b) ndilo linalosomwa vibaya zaidi, na Kiswahili kinalitafsiri kwa usahihi wa pekee: hajatoka. Kiambishi -ja- hukanusha utukiaji wa tendo mpaka wakati wa kusema na huacha nafasi ya tendo kutukia baadaye. Neno bado, linaposimama peke yake kama jibu, hubeba maana hiyo hiyo. Si hakutoka, ambayo hufunga habari. Wala si hana mtoto, ambayo ni ya (3c).

Kosa la kwanza la wapangaji programu ni kuisoma (3b) kama hakutoka: mzazi huuliza mara moja au mara chache, hupata 0, hutangaza kwamba mtoto ameshindwa, na pengine huanzisha mwingine wa kufanya kazi ile ile. Kosa la pili ni la hila zaidi. Mzazi huweka 0 katika nafasi ya kupokelea taarifa ya hali kabla ya kuuliza, hupata jibu la (3b), kisha huisoma nafasi ile kana kwamba imejazwa. Nafasi haina taarifa halali ya mtoto, bali ile 0 aliyoiweka mwenyewe, na 0 hiyo ikichanganuliwa husema: aliaga, hana jambo. Ukimya umegeuzwa kuwa salamu.

Hapa ndipo Nyangarata inapofundisha. Ukimya wa siku 41 haukuwa taarifa ya kifo wala taarifa ya uzima. Ulikuwa ukosefu wa taarifa, na sarufi ya Kiswahili ilikuwa na umbo mahususi kwa ajili yake. Umbo hilo halimzuii anayesubiri kuamua kuacha kusubiri, kwa kuwa kila kusubiri kuna gharama. Mzazi wa kompyuta naye huwekewa ukomo wa muda. Lakini uamuzi wa kuacha kusubiri ni tungo ya mzazi, yenye nafsi ya mzazi: nimeacha kusubiri. Kuiandika kama tungo ya mtoto, hakutoka, ni kumpachika mtoto maneno ambayo hakuyasema. Programu iliyoandikwa vizuri huweka rekodi mbili tofauti: muda wa mzazi umekwisha, na hali ya mtoto haijulikani.

8. Msukule au hewa: istilahi na mahali pake

Mtoto aliyekwisha lakini ambaye mzazi hajachukua taarifa yake hubaki katika jedwali akiwa jina tu. Hatumii kichakataji wala hafanyi kazi, hukalia nafasi. Wakiwa wengi, jedwali hujaa na michakato mipya hushindwa kuzaliwa. Istilahi ya Kiingereza kwa hali hii ni zombi, na tafsiri inayojitokeza haraka ni msukule. Tafsiri hiyo inapaswa kukataliwa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kisemantiki. Kwa imani iliyoenea katika maeneo mengi ya Tanzania, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, ilhali amechukuliwa kichawi na anatumikishwa kwa siri. Sifa bainifu ya msukule ni kazi. Sifa bainifu ya mchakato unaozungumziwa ni kutokuwa na kazi yoyote. Mwanafunzi anayefundishwa kwa neno msukule atautafuta mchakato unaokula nguvu za kompyuta kwa siri, na hataupata.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Kanda ya Ziwa, ikiwamo Shinyanga na Geita, imeshuhudia kwa miongo kadhaa mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi, na tangu katikati ya miaka ya 2000 mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yanayohusishwa na imani za kupata utajiri, ikiwamo bahati ya madini. Neno msukule haliko katika masimulizi ya kuburudisha tu. Liko katika msamiati wa tuhuma ambazo zimegharimu maisha ya watu. Istilahi inayochukuliwa Dar es Salaam kuwa mzaha husomwa Geita na mwanafunzi ambaye huenda anamjua aliyetuhumiwa.

Kiswahili cha Tanzania kina neno lililo sahihi zaidi. Mtumishi hewa ni jina lililomo katika orodha ya malipo bila mtu anayefanya kazi, na msemo huo ulienea sana mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi wa umma chini ya Rais John Magufuli. Mchakato hewa, kwa mfano huo, ni jina katika jedwali bila mchakato unaotenda. Istilahi hii pia inamtaja mwenye wajibu. Mtumishi hewa haondolewi kwa kumpiga risasi, kwa kuwa hayupo. Huondolewa kwa uhakiki wa orodha. Vivyo hivyo, kutuma ishara ya 9 kwa mchakato hewa hakuleti matokeo, kwa kuwa aliyekwisha haishi mara ya pili. Dawa ni mzazi kuita wait. Mzazi mwenyewe akiisha kabla ya kufanya hivyo, watoto wake huwa yatima na kwa kawaida hulelewa na mchakato namba 1, ambao kazi yake mojawapo ni kuzichukua taarifa hizo zilizoachwa.

9. Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kusoma taarifa ya hali ya mchakato mtoto ni kujibu maswali kwa mpangilio: je, taarifa imefika au bado, ikiwa imefika, mtoto aliaga, aliuawa au amesimamishwa, na mwisho kabisa, ni kwa msimbo au kwa ishara ipi. Swali la kwanza ni la njeo, la pili ni la kauli, na la tatu pekee ndilo la thamani. Anayeanza na la tatu hukutana na sifuri mahali pasipo na sijambo.

Kwa upande wa istilahi, imeoneshwa kwamba neno linalofaa ni lile linalomsaidia msomaji asikosee tendo. Msimbo wa kuaga humkumbusha kwamba si kila aliyeondoka aliaga. Mchakato hewa humwelekeza kwenye orodha na kwa mwenye orodha. Vyombo vya usanifu wa istilahi na walimu wa somo hili wanaweza kuyapima mapendekezo haya kwa kigezo hicho. Kiambishi -ja- hakihitaji kusanifiwa. Kimo tayari katika kinywa cha kila mzungumzaji, na kinachotakiwa ni mpangaji programu kukiruhusu kifanye kazi yake pale ambapo jibu bado halijafika.